Namba Haina Joto

Imekuwa ada siku hizi, kila unapokaribia msimu mkavu wa kupanda Kilimanjaro, kwa watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na kwa jamaa zao walio ughaibuni wanaorejea nyumbani na azma ya kukanyaga kilele cha Uhuru kabla likizo haijesha, kuulizana habari za koti la manyoya, au jaketi kama wasemavyo vijana wa Moshi; na jawabu wapewalo, awe mjibu ni mwenye duka, au rafiki aliyetangulia kupanda, au orodha ya vifaa iliyoletwa na kampuni ya utalii, aghalabu ni moja tu: tafuta lenye namba kubwa, na usiogope bei. Namba hiyo, 600 au 700 au 800, pengine hata 900, hutariziwa mkononi mwa koti au huchapwa katika kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi, na imekwisha kupewa mamlaka makubwa kiasi cha kwamba mwenye 800 huiona baridi imekwisha shindwa kabla hajatoka nyumbani kwake, na mwenye 550 hupanda mlima kwa soni na hofu.

Naikataa rai hiyo, na naikataa kwa hujja. Namba si ya uongo. Ila imefanywa shahidi wa jambo isilolijua.

Kwanza na tujue koti hili hufanya kazi gani. Koti halina moto. Hata likigharimu mshahara wa miezi mitatu halizalishi joto hata chembe. Joto ni la mwili wa mvaaji, litokalo katika chakula alichokula na mwendo anaokwenda, na wajibu wa koti ni kulichelewesha lisitoroke upesi. Tena kinacholichelewesha ni hewa iliyotulia, wala si nyoya lenyewe. Chini ya yale manyoya ya nje ya kifua cha bata na bata bukini, yenye uti na yanayoonekana kwa macho, yamo mengine mepesi mno, yasiyo na uti, ambayo kila moja ni kishada cha nyuzi nyembamba zilizotawanyika pande zote kutoka kitovu kimoja. Na vishada hivyo vikikusanyika kwa maelfu ndani ya kijumba kilichoshonwa, huifunga hewa isiende wala isirudi. Kadiri tabaka la hewa hiyo lilivyo nene, ndivyo joto linavyokawia kutoka. Hiyo ndiyo elimu yote ya koti la manyoya, na mengine ni matawi yake.

Sasa namba. Huchukuliwa wakia moja ya manyoya, yaani gramu 28 na kitu, yakaandaliwa kwanza katika maabara hata yakafumuka vema, yakatiwa katika silinda ya kioo, yakawekewa juu yake uzani mdogo maalumu, kisha pakasomwa wakia ile imejaza inchi ngapi za ujazo. Zikiwa inchi 800, manyoya huitwa ya 800. Kipimo ni cha haki, nami sina ugomvi na wakipimao. Lakini angalia kimetwambia nini: kimetwambia wakia moja hufumuka kiasi gani, wala hakikutwambia katika koti mna wakia ngapi. Bibi zetu wa Pwani, ambao hawakupata kuona silinda ya maabara, hawakununua godoro la sufi kwa kusifiwa wepesi wa sufi peke yake. Waliuliza limetiwa sufi kiasi gani, kisha wakalibonyeza kwa kiganja wauone ukweli. Busara hiyo ndiyo iliyotupotea tulipoanza kununua makoti.

Na tuhesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chukua koti moja lenye manyoya ya namba 800, lililotiwa gramu 100. Na jingine la namba 600, lililotiwa gramu 200. La kwanza lina takriban wakia tatu na nusu, na ukizidisha kwa 800 unapata inchi 2,800 za ujazo. La pili lina wakia saba, na ukizidisha kwa 600 unapata 4,200. Koti linalodharauliwa limefunga hewa mara moja na nusu ya koti linalosifiwa. Kama vitambaa vyao ni vya namna moja na mishono yao ni ya namna moja, huyu wa 600 ndiye atakayesimama juu ya theluji akipiga soga wakati mwenziwe wa 800 anatafuta pa kujificha. Hata hivyo, dukani, la kwanza litatundikwa mbele chini ya taa, na la pili litawekwa nyuma pamoja na yaliyopunguzwa bei.

Wataniuliza: je, namba haina faida hata kidogo? Ina faida, na faida yake ni uzito. Manyoya ya namba ya juu hukupa unene uleule kwa gramu chache zaidi, tena koti hukunjika likawa dogo mkobani. Na kwa mtu anayetembea siku kumi akiwa amebeba hema, chakula na jiko lake mgongoni, gramu mia zilizopungua ni neema, na akilipia neema hiyo hakudhulumiwa. Lakini niambie, ewe mwenye kupanda Kilimanjaro, nani anabeba mzigo wako? Wewe una mkoba mdogo wa maji, kamera na koti la mvua. Mfuko wako mkubwa umo juu ya kichwa cha kijana wa Machame au Marangu, ambaye mzigo wake ni wa kilo hata 20 na amekwisha kukupita njiani zamani. Na usiku wa kwenda kileleni, koti si mzigo tena, limo mwilini mwako. Basi umelipa bei maradufu ili upunguze gramu mia katika mzigo ambao hukuubeba, na mbebaji wake hakuhisi chochote. Laiti tofauti ile ya bei ingalitiwa katika bahasha ya mpagazi siku ya mwisho, ingalikuwa na maana kubwa zaidi, na mpandaji asingalipata baridi zaidi hata kidogo.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni Everest. Husema: mbona mabingwa wa Himalaya huvaa namba za juu kabisa? Ni kweli huvaa. Walakini koti la Everest limejazwa manyoya mengi hata mikono haikunjiki vizuri, na joto lake latoka katika wingi huo. Namba ya juu ilitafutwa ili wingi huo usimwelemee mtu ambaye kila hatua yake ameilipia kwa pumzi kadhaa. Mwenye duka amechukua nusu ya habari, ile inayochapika kwa herufi kubwa, akaiacha nusu ya pili.

Na kama ni ushahidi wa Everest unaotakiwa, afadhali tuutafute pale ulipoanzia. Mwaka 1922, Waingereza walipokwenda kuujaribu mlima ule, vazi lao lilikuwa la sufu na hariri zilizovaliwa moja juu ya nyingine, na koti la kukinga upepo juu yake. Miongoni mwao alikuwamo George Finch, mzaliwa wa Australia na mwanakemia kwa taaluma yake, ambaye alijishonesha koti refu la kitambaa cha maputo yale yanayorushwa angani, kitambaa kisichopenyeza upepo, akalijaza manyoya laini ya bata wa bahari za kaskazini. Wenziwe walimcheka; kisha baridi ilipozidi wakaona afadhali na wao wangalikuwa nalo. Finch na mwenziwe wa msafara ule, Geoffrey Bruce, walipanda wakapita mita 8,300, urefu ambao hadi siku ile hakuna mtu aliyejulikana kuwa ameufikia kwa miguu yake. Finch hakuwa na namba ya kutarizi mkononi. Alijiuliza maswali mawili tu: hewa iliyotulia nitaipata wapi, na upepo nitauzuia kwa kitu gani? Yapata miaka mia imepita, na mnunuzi anayejiuliza maswali hayo mawili bado anamshinda kwa mbali anayeuliza namba.

Liko na la tatu, ambalo Finch hakulazimika kulifikiri kwa undani lakini sisi tunalazimika, nalo ni mshono. Manyoya yakiachwa huru ndani ya koti hushuka yote chini kiunoni, yakaacha mabega matupu. Ndiyo sababu hugawanywa katika vijumba, na Eddie Bauer wa Seattle alipata hataza ya koti la namna hiyo mwaka 1940. Sasa, vijumba hushonwa kwa njia mbili. Njia rahisi ni kupitisha uzi kutoka kitambaa cha nje hadi cha ndani, vikabanwa pamoja. Na pale uzi ulipopita unene wa hewa ni sifuri, iwe namba ni 500 au 900. Koti lenye vijumba vyembamba vilivyoshonwa hivyo lina mistari ya baridi iliyouzunguka mwili kutoka shingoni hata kiunoni, nao upepo wa alfajiri ukivuma kutoka upande wa barafu huipata mistari hiyo mmoja mmoja. Njia ya pili ni kutia kuta ndogo za kitambaa baina ya nje na ndani, ili kijumba kiwe na kina na pande zote zijae. Ni kazi kubwa zaidi kwa mshonaji, huongeza uzito na bei, na hapo ndipo fedha ya ziada hulipwa kwa haki. Mtu asinidhanie basi kwamba namtetea kila muuza rahisi. Watanitolea methali ya kwamba rahisi huvunja upishi, nami naikubali, ila nauliza upishi huo umevunjwa na nini: mara nyingi umevunjwa na mshono, na ukosi ulio wazi, na mkono usiobana kifundoni, wala haukuvunjwa na namba.

Fauka ya hayo, upo upotofu mwingine uliozaliwa na huu. Aliyeaminishwa kwamba koti lake ni la ajabu hulivaa tangu getini, kwa picha na kwa fahari. Siku ya kwanza, mahali pengi, njia hupita msituni, na ukanda wa msitu ndio upatao mvua nyingi kuliko pande zote za mlima. Hewa ni nzito, miti inadondosha maji hata mvua isiponyesha, na mwendaji mwenyewe anatoka jasho. Jasho hilo huingia katika manyoya kwa ndani, na ukungu huingia kwa nje. Nyoya likilowa, nyuzi zake hushikana, kishada kikawa kibonge, hewa ikakosa pa kukaa. Na tofauti na sweta, ambalo hukamuliwa likaanikwa likavalika, koti la manyoya lililolowa huchukua muda mrefu kukauka, na mlimani muda huo haupo. Ile namba ilisomwa katika maabara, kwa manyoya yaliyoandaliwa yakafumuka. Siku ya nne, ndani ya mfuko wenye unyevu, 800 yako si 800 tena, wala hapana awezaye kukwambia imekuwa ngapi.

Koti la manyoya ni la mtu aliyesimama. Kazi yake ni jioni kambini, na alfajiri, na usiku ule mmoja ambao safari huanza kama saa sita na waongozaji wasisitizapo polepole hata mwendo ukakaribia kusimama. Hapo mwili hautoi joto jingi, nayo baridi ni ya kweli: hewa hupoteza takriban nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na kutoka Moshi, mji ulio karibu na mita 900, hata Uhuru kwenye mita 5,895, ni mita 5,000; kwa hesabu hiyo, usiku ambao Moshi kuna nyuzijoto 18, kileleni ni 12 chini ya sifuri, kabla hujautaja upepo. Kwa saa hizo, na kwa saa hizo tu, linunue. Mchana uendapo, vaa sweta na koti jepesi la kuzuia upepo, na hili la manyoya lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Nimewasifu bibi zetu kwa kubonyeza, na ni haki nieleze jinsi ya kubonyeza koti. Nenda soko la Memorial mjini Moshi, au Gikomba ya Nairobi, lilipofunguliwa robota la makoti, utazame mnunuzi mzoefu. Hasomi mkono wa koti. Hushika kijumba kimoja cha kifuani kwa kidole gumba na cha shahada, akakibana hata vitambaa vikutane, akaachia, akangoja: manyoya ya kweli hunyanyuka taratibu, na yaliyochoka au yaliyoshikana hubaki chini, pamba ya viwandani hurudi mara moja kwa kuruka, na mwenye kuuza pamba hiyo kwa jina la manyoya hapo ameumbuka. Kisha hupapasa mabegani na nyuma ya kiuno, maana mikoba na viti vya magari huyaua manyoya ya huko kwanza. Huliinua koti dhidi ya jua, na kila mahali mwanga unapopenya huona kijumba kilicho kitupu. Hupitisha kiganja juu ya kitambaa akihisi michomo midogo ya uti, dalili ya kuwa manyoya ya nje yamechanganywa kwa wingi. Na kile kitambaa cha ukosini, kikiwapo, humwambia sehemu ngapi kati ya mia ni laini na ngapi ni za uti, 90 kwa 10 ikiwa njema, 70 kwa 30 ikiwa ya wastani. Hunusa kwapani na kofiani, kwa kuwa koti lililowahi kukaa na unyevu haliachi kutoa habari zake. Mwisho hulivaa juu ya sweta nene, akainua mikono, akachuchumaa. Likimbana, huliacha hata liwe zuri vipi, maana manyoya yaliyobanwa baina ya sweta na kitambaa hayana nafasi ya kufumuka, na fedha ya manyoya hayo imekwenda bure. Kazi yote hiyo haichukui dakika tano, na mtu aliyeifanya anajua juu ya koti lile mambo ambayo namba isingalimwambia kamwe.

Kuna kauli nyingine iambatanayo na ibada hii ya namba, nami siwezi kuipita kimya, ijapokuwa imenichelewesha. Husemwa kwamba mgeni ndiye ahitajiye koti la maana, mpagazi amezoea. Amezoea nini? Ngozi ya mtu wa Old Moshi haikuumbwa kwa udongo mwingine. Tena kazi yake ndiyo inayomweka katika hatari kubwa zaidi: hupanda na mzigo akatoka jasho mpaka fulana ikalowa, akafika kambini kabla ya wageni, akasimamisha mahema yao, kisha akakaa na ile fulana yenye maji katika upepo, kwenye kambi ya Barafu iliyo juu ya mita 4,600, akingoja usiku kucha wageni warudi kutoka kileleni. Wapagazi wamekufa kwa baridi katika mlima huu, na si kwa sababu hawakuuzoea. Mradi wa Kuwasaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003, huwaazima nguo za mlimani bila malipo, na haja ya kuazima yaonesha wangapi wangalipanda bila nguo za kutosha.

Na hapa ndipo rai ya namba inapoanguka kabisa. Kwa mpagazi, koti la 900 lenye kitambaa chembamba kama ngozi ya kitunguu ni zawadi mbovu. Yeye yumo jasho na mvua kila siku, hupanda tena na tena katika msimu mmoja, na nguo yake hufuliwa kwenye beseni na kuanikwa kambani. Limfaalo ni koti la pamba ya viwandani, namna ile iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1980 kwa haja za jeshi lao, ambalo likilowa hubakiza sehemu kubwa ya joto lake na hukauka upesi. Ni zito zaidi na kubwa zaidi mkobani, na halina namba yoyote ya kujivunia, nalo kwa kazi yake ni bora kuliko manyoya. Basi wageni wanaoacha makoti yao ya manyoya Moshi kama sadaka, Mungu awalipe kwa nia yao. Lakini wangeuliza kwanza, wangeambiwa walete ya pamba, na viatu.

Sina la kuwaomba wenye viwanda, maana namba imewafaa. Nawaomba kampuni za utalii za Moshi na Arusha, zinazoandika zile orodha: futeni mstari unaosema «koti la manyoya, 800 au zaidi», muandike badala yake gramu za manyoya, namna ya mshono, kofia iliyoshonwa pamoja na koti, na upana wa kutosha sweta chini yake. Nawe msomaji, ukiingia dukani ukaoneshwa namba, muulize mwenye duka mna gramu ngapi za manyoya ndani ya koti hilo. Akiwa anajua, mketi mzungumze bei. Asipojua, libonyeze mwenyewe. Na asipokuruhusu kulibonyeza, toka uende duka la pili.